Utakauka Kiangazi

Ukungu ukipanda kutoka ghubani, huko Newfoundland,
mlango wa jikoni kwa Leona huvimba
ukakataa.
Si kufuli. Si bawaba. Ni mbao tu
zilizokunywa unyevu, zikang'ang'ania fremu
kama mtoto aliyekumbatia mguu wa meza asiende kuoga.

Miaka arobaini na mitatu alimwambia Ambrose:
chukua randa, punguza ukingo, nusu saa tu.
Ambrose akanywa chai.
"Utakauka kiangazi," akasema,
na kweli, kiangazi ukakauka,
na Oktoba ukavimba, na Leona akausukuma kwa nyonga,
sufuria mkononi, matusi mdomoni.

Mkaidi, alimwita mbele ya wageni.
Kichwa ngumu, mbele ya watoto.
Kwa dada yake, kwenye simu: mbishi huyu,
atabishana na jiwe hadi jiwe liombe radhi.
Neno sugu alilitunza kwa ajili ya masizi ya birika
na kikohozi kile cha Februari
ambacho Ambrose hakutaka kukipeleka kwa daktari
kwa kuwa, alisema, kitachoka kabla yake.

Hakikuchoka.

Mazishini kasisi alifunga miwani yake, akasema:
marehemu alikuwa mtu wa msimamo.
Leona nusura acheke.
Msimamo! Kumbe ni shati lilelile,
limepigwa pasi tu.

Aprili akaja Cyril, mtoto wa kaka yake, na randa ya umeme.
"Shangazi, dakika kumi."
Akapima. Akatia alama ya penseli.
Leona akautazama ukingo, rangi ilivyochubuka
pale bega la Ambrose lilipogonga kila alfajiri
na chini yake, pale nyonga yake mwenyewe ilipogonga,
madoa mawili, shibri moja kati yao.

"Acha."
"Lakini unavimba."
"Utakauka kiangazi."

Cyril akakunja waya, taratibu.
Neno lilimjia hadi kwenye meno,
Leona akaliona,
akamwona anavyolimeza pamoja na biskuti.

Mkaidi hafaidi, husema watu, mpaka siku ya Idi.
Labda. Lakini huko ghubani hakuna aliyeisikia methali hiyo,
na kesho yake asubuhi, ukungu umejaa hadi dirishani,
Leona alikamata kitasa, akarudi hatua moja,
akaupiga mlango kwa bega.

Si nyonga. Bega.
Ukafunguka.