Pumzi ya Stauti

Ndahani alikuja Kizota saa mbili asubuhi,
na kabla sijamwona nilimnusa:
petroli mbichi, ile inayowasha macho,
na mkia wa moshi mweusi
ukaupaka ukuta wa jirani muuza mashudu.

"Inakunywa," akasema, salamu akaisahau.
"Hombolo kwenda na kurudi, dumu zima.
Zabibu zinafika kwa mnunuzi zinanuka masizi."
Mafundi watatu walishaishika.
Wa kwanza alilegeza skrubu ya mafuta robo mzunguko,
wa pili nusu,
wa tatu alizungusha mpaka mkono ukachoka.

Nikafungua plagi. Zote nne nyeusi tii,
kavu, zimevaa masizi kama sufuria za msibani.
Plagi haisemi uongo, ila haisemi yote.
Itakuambia mafuta yamezidi.
Haitakuambia nani aliyaomba.

Maana injini ina njaa mbili, ya mafuta na ya hewa,
na hewa ina mlango wake mmoja, juu, penye chujio.
Ikipenyea dirishani kama mwizi,
injini hutetemeka kwenye sailensa, hukosa, hutaka kuzima,
na fundi mwenye haraka husema: iongezee mafuta.
Inanyamaza. Analipwa.
Gari linaondoka limeshiba, na ugonjwa wake ndani.

Sikugusa skrubu.
Nilichukua kipande cha mpira, urefu wa mkono,
ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza
kwenye gasketi, chini ya kabureta, kwenye busta ya breki,
taratibu, kama anayetafuta chawa.
Ilikuwa Julai, upepo unapiga mabati.
Nikamwita binti yangu Sechelela na kipande cha boksi:
simama hapo, uuzuie.

Nyuma ya manifoldi, pasipofika jicho,
ssss.

Mkono ulifika kwanza.
Bomba dogo la shaba, halina mpira wake,
na ndani yake kitu kigumu ambacho si chuma.
Nikakivuta. Injini ikaruka, ikataka kufa.
Nikaziba kwa kidole gumba:
ikaninyonya, ikashuka, ikapata mdundo,
nami nikainama vile muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
kidole kikipoa,
mimi ndiye kifaa kilichokuwa kimepungua.

Kijiti. Cha mzabibu.
Kimechongwa kwa kisu, pande nne, ncha ikaviringwa,
kimekauka, kimesinyaa, kinapwaya tunduni mwake.

Ndahani alikipokea kiganjani, akakigeuza.
"Huu ni mkono wa Mbeleje."
Kaka yake. Walikwama Ihumwa usiku,
mpira umetafunwa na panya,
nyuma wamepakia pingili za kupanda.
Mbeleje akachomoa moja, akachonga kwa mwanga wa simu.
"Kitatufikisha nyumbani," alisema.
Kikawafikisha. Kikaendelea kufikisha miaka minne,
miwili ya mwisho Mbeleje mwenyewe akiwa ardhini.

Nikaweka mpira mpya, wa shilingi elfu mbili, na kibana.
Ndipo nikaishika skrubu, nikairudisha:
mizunguko yote ya yule wa tatu,
nusu ya wa pili,
robo ya wa kwanza nikaiendea kwa sikio, kidogo, kidogo tena,
mpaka sauti ikakonda, ikasimama.
Moshi ukawa kijivu. Kisha hapakuwa na moshi,
ni joto tu likitetemesha ukuta wa mashudu.

Alilipa pungufu, akaahidi ndoo ya zabibu.
Alikuwa ameshakaa kwenye usukani alipouliza
kama kile kijiti kilikuwa kosa.
Nikamwambia, kwa usiku ule, kilikuwa sawa.

Akakilaza juu ya dashibodi.
Alipokata kona kuingia lami kikabingirika,
na kwa mbali nikaona mkono ukitoka kwenye usukani,
ukikidaka.