Paja la Kushoto

Karatasi ya ombi ina maneno matatu:
"Maumivu ya paja." Sahihi haisomeki.
Mvulana, miaka kumi na mitatu, Mtongwe.
Basi. Hayo ndiyo niliyopewa, na eksirei.

Chumba chetu hakina dirisha.
Huko nje Makadara jua lakaanga mabati;
humu ni giza la makusudi na baridi ya kiyoyozi,
nimejitanda leso juu ya koti jeupe.

Kando ya fupaja, ndani ya nyama,
ambako mfupa hauna kazi,
pana wingu.
Nalikuza. Nalififiza. Nalipindua, jeupe liwe jeusi.
Wingu halisemi.

"Njoo," nikamwita Mwachiro,
"nina mfupa uliomshinda fisi."
Akaja na kahawa chungu, akasimama.
Daktari asiyeketi hunitia hofu.
"Saratani," akasema polepole,
kama mtu awekaye glasi juu ya marumaru.
"Akatwe kipande, kipimwe. Kesho isipite."

Zamzam akachungulia mlangoni:
"Au usaha wa zamani? Niliona mmoja, Lamu."
"Wa Lamu alikuwa na homa."
"Na huyu hana?"
Tukaigeukia karatasi. Maneno matatu.

Tukabishana kwa adabu ya wasiojua,
yamkini, labda, hebu tazama hapa,
vidole vitatu juu ya kioo kimoja,
hata cha Mwachiro kikaacha doa la viazi karai
ambalo nusura niliandikie ripoti.

Jefwa, mpiga picha, alikuwa akifuta meza.
Yeye ndiye aliyemshika mtoto mguu.
"Alipigwa teke," akasema. "Wiki tano sasa.
Ni kipa. Mimi hamkuniuliza."

Kiyoyozi kikakohoa.

Nikalirudia wingu, sasa nikijua kuna teke:
ukingo mzito, kitovu chepesi,
nje umeiva, ndani ungali mbichi,
mkate wa sinia ulioepuliwa mapema.
Saratani huiva kinyume chake.
Na baina ya wingu na mfupa, ufa mweusi,
mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.
Ni msuli uliopondwa
ukajitia kuwa mfupa.
Ukikatwa leo, hata darubini itadanganyika.

"Labda," akasema Mwachiro.
Hakusema ndiyo. Nikampendea hilo.

Nikaandika: *Msiliguse. Arudi baada ya wiki nne.*
Nikafuta "msiliguse", nikaweka "yashauriwa kusubiri".
Nikasikia sauti ya mama kwenye benchi la nje,
akimhesabia mtu nauli ya kivuko.
Wiki nne ni nyingi
kwa anayelala chumba kimoja na paja lile.
Nikarudisha "msiliguse".

Jefwa akatia kichwa mlangoni:
"Kijana auliza, Jumamosi aweza kudaka?"

"Hapana!" tukajibu sote watatu,
na hilo, siku ile nzima,
ndilo pekee tulilokuwa na hakika nalo.