Mkalimani wa Mahakama, Lindi

Mimi nilikuwa mdomo wa kukodiwa:
Kimwera kiliingia sikioni,
Kiingereza kikatoka, hakimu akaandika.

Siku ya kesi ya mkonge
Litunungu alisimama, joho la kuazima limempwaya,
pindo kalishika kwa pini,
akauliza neno moja:
"Matita haya, nani aliyahesabu?"
Msimamizi akatafuta leso.
Nilitafsiri polepole, nikionja kila silabi.

Kufika Jumapili swali liko Mtama,
Ijumaa Ruangwa, watoto wanachezea kombolela.
Kadi za chama zikaisha.
Wakambeba mabegani toka Ndoro hadi sokoni;
kiatu kimoja kikadondoka, hakurudi kukiokota.

Alipohutubia sikuitwa.
Nilikaa na kinywa changu, nimekifumba,
sijapata kufurahia hivyo kukosa kazi.

Mwaka wa tatu wa uhuru alirudi na gari,
viatu vyote viwili,
akasoma takwimu mpaka kivuli cha jukwaa kikatufikia.
Bibi Nambunga, gunia la korosho miguuni,
akanigusa kiwiko: "Kasemaje?"

Kiswahili kile kile, chetu sote.
Nikafungua mdomo. Hamna.
Nikamwinamia, kwa Kimwera:
"Muulize gunia lako nani kalipima."