Mizani ya Pongwe

Kila lori linalopanda mizani yangu
huacha namba, halafu vumbi.
Namba naiandika daftarini. Vumbi nakwenda nalo nyumbani,
kwenye nyusi, kwenye kikombe cha kahawa,
na Mwanahija mke wangu husema nazeeka kwa mkupuo.

Mawe ya hapa husagwa, huchomwa, hutiwa mifukoni,
hupakiwa mabehewa ya kwenda mji mkuu
ambako wanachimba reli chini ya ardhi.
Mpwa wangu yuko hukohuko shimoni,
na kofia ya njano na darubini ya miguu mitatu:
Zuhura Shekalaghe wa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
aliyekuwa akiogopa kwenda chooni usiku.

Hunipigia akishapanda juu.
"Mjomba, leo tumesogea mita tisa."
Nami pembezoni mwa daftari napiga hesabu:
mita tisa, pete ngapi za zege,
zege hiyo saruji kiasi gani, saruji hiyo mawe kiasi gani.
Nikimaliza natazama shimo letu.
Naam. Limezama.

Mwanzo ilikuwa njia moja, nyekundu, kutoka soko kuu hadi hospitali.
Wakubwa wakaona nyekundu ina upweke,
wakachora ya kijani iikate katikati,
kisha ya buluu, ya chuo kikuu;
na mwaka jana ikaja ya zambarau
ambayo Zuhura mwenyewe hajui inakwenda kumchukua nani.
Kila rangi ikiongezwa kule, huku tunaletewa baruti.
Vikombe vya kabati la Mwanahija
vinaijua ratiba kuliko mhandisi.

Na sisi si wageni wa mambo haya.
Reli ilitia mguu kwetu mapema, mabegani mwa babu zetu.
Mashimo je? Mapango ya Amboni maji yaliyachimba
bila mkandarasi, bila bajeti, bila utepe wa kukata,
na wapo wanaoapa kwamba ukiwa na tochi ya kutosha
utaingilia hapo utokee Mombasa.
Nilipomwambia Zuhura alicheka sana,
kisha akauliza kwa sauti ya kazini:
"Mteremko wake ukoje?"

Tanga, husemwa, waja leo waondoka leo.
Mawe hayakuja leo.
Yanaondoka tu.

Usiku mmoja nikamuuliza:
huo udongo mnaoutoa, mnaupeleka wapi?
Nikasikia feni kubwa huko aliko.
"Unamwagwa nje ya mji, mjomba. Umeshakuwa kilima."
Na mabehewa ya saruji yanarudi na nini?
"Matupu."
Nikasema kwa mzaha, ila mzaha ulikuwa na mzizi:
turudishieni basi,
hata wa kufukia pale alipozama mtoto wa Mhina.
Siku hiyo hakunitajia wamesogea mita ngapi.

Alikuja Idi ya kuchinja.
Kabla ya kwenda kwa mama yake akataka tupite Pongwe,
na viatu vyake vipya, na hina mkononi.
Mkobani alikuwa na kopo la maziwa ya unga,
ndani yake udongo mwekundu, mkavu,
wa mita ishirini na saba chini,
udongo ambao haujapata kuonana na jua.
Akauweka katikati ya bamba, akashuka.

Mizani yangu haioni kitu chini ya kilo ishirini.
Ikaandika sifuri.

Nikafungua daftari hata hivyo.
Tarehe, nikajaza. Namba ya gari, nikapiga mstari.
Mzigo: udongo. Utokako: mji mkuu.
Uzito,
na hapo kalamu ikasimama,
na lori lililopanga nyuma yetu likapiga honi,
na Zuhura akaliokota kopo lake, akapisha.