Buibui wa Ndahani

Tulihamia Dodoma pamoja na makabati,
wizara nzima kwenye malori, mafaili yamefungwa kamba za katani,
na mimi, karani wa masjala, miaka arobaini na sita,
nikapata chumba Nkuhungu na upepo wa Julai
unaoingia hata mlango ukiwa na komeo.

Jioni sikuwa na nimjuaye. Nikanunua kompyuta mpakato
iliyokwisha kutumika, herufi R imefutika,
nikaanza kujifunza kutengeneza programu ya simu.
Si kwa ajili ya fedha. Msiniulize itauzwa wapi.
Nilitaka kitufe kimoja tu: nikigusa, kilie.

Wiki tatu hakikulia.
Nilisahau nukta-mkato mstari wa kumi na tisa,
mashine ikaniandikia wekundu ukurasa mzima
kama bosi aliyeamka vibaya.
Nikairudisha nukta. Ikanyamaza.
Kumbe kunyamaza nako ni maendeleo.

Kililia usiku wa Alhamisi, LUKU imebaki uniti mbili:
ti.
Nikagusa mara mia. Jirani akagonga ukuta.

Ndahani ni mlinzi wa zamu ya usiku pale ofisini,
kijana wa Mvumi, hajafika thelathini,
hupiga ilimba getini ili asisinzie.
Nikampelekea simu. Akagusa, akagusa tena, akacheka:
"Dada, kidole kimefika, sauti bado iko njiani."
Kweli. Kati ya kidole na mlio palikuwa na ufa
mwembamba kuliko kope,
na muziki wote ulikuwa ukidondokea humo.

Mwezi mzima nikauziba,
nikipima kwa elfu za sekunde, mimi
ambaye barua yangu ya likizo
ina miezi miwili mezani kwa mkubwa.

Halafu sauti zenyewe. Nilizozipata bure zilikuwa za piano.
Ndahani alizisikiliza
kama anayesikiliza Kigogo cha mgeni:
"Maneno yapo," akasema. "Salamu haipo."

Basi tukairekodi ilimba yake, chuma kwa chuma,
ndani ya stoo, katikati ya rafu,
mahali ambapo karatasi humeza mwangwi.
Usiku nikasafisha. Kulikuwa na mvumo,
zzz, kama nzi ndani ya chupa.
Nikaukata, mlio mmoja baada ya mwingine,
mpaka kila sauti ikang'aa
kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

Alisikiliza. Safari hii hakucheka.
"Buibui wangu umemtoa kwa nini?"
Akaigeuza ilimba, akanionyesha tundu kifuani mwake,
limezibwa kwa utando mweupe wa mayai ya buibui
alioubandua ukutani kwa mama yake.
Huo ndio uvumao. Huo ndio nilioufuta.
"Bila yeye," akasema, "hivi ni vyuma tu."

Nimefanya kazi miaka ishirini na miwili
ya kupanga, kupangusa, kugonga mihuri;
kilichozidi huenda motoni.
Nikarudi Nkuhungu, nikaifungua rekodi ya kwanza, ile chafu,
nikamrudisha mdudu kwa mkono wangu mwenyewe.

Programu haijakwisha. Simu ikiita, inajizima.
Ukiikimbiza kwa dole gumba mawili, inakwama chuma cha saba
na sijui kwa nini.
Ina watumiaji wawili: mimi, na Ndahani
ambaye ilimba anayo, wala haihitaji.

Lakini jana niliwahi kazini, saa kumi na mbili kasoro,
nikamkuta getini, koti limefungwa hadi kidevuni,
simu yangu ameilaza ndani ya sufuria tupu ya ugali
ili nayo ipate kifua.
Dole gumba moja kwenye kioo, jingine kwenye vyuma vyake,
anawasikilizisha buibui wawili
kama wataitikiana.