Kituo cha Kumi na Saba

Karani Denha alipasua lakiri ya mfuko wa barua
akanisomea, huku akicheka, maneno ya yule Mjenoa, Lanfranko:
“Siku tatu kutoka Otrari, kituo cha farasi.
Maji ya chumvi. Mwanamke mmoja, hasemi.”

Hasemi!
Usiku kucha nilisema naye Kikipchaki,
naye ananijibu kwa meno yanayogongana,
kalikumbatia fuko la pilipili kama kichanga.
Nilimnywesha supu ya kwato, kijiko kwa kijiko.
Nikamvua viatu: vidole viwili vya mguu wa kushoto
vikabaki humo kiatuni.

Hilo halimo.
Wamo watu wenye vichwa vya mbwa
(labda ndio sisi, asema Denha),
imo bei ya hariri kwa ratili,
imo pesa ya gome la mforsadi, muhuri mwekundu,
aliyonilipa. Nimezibia tundu la hema.
Upepo haujui kusoma, unapita tu.

Mgeni siku mbili; ya tatu sikumpa jembe,
nilimpa farasi, yule kahawia wa marehemu Buka.
Hakumrudisha.

Basi geuza ukurasa, Denha, andika kwa nyuma:
Alipita mwanamume mmoja. Jina langu hakuuliza.
Ni Oljei.

Denha anasema wino umeganda.
Nimekitia kichupa kwapani,
palepale nilipoupasha moto mguu wake.
Tunangoja.