Jezi Nambari Kumi na Nne

Mimi uwanjani siendi.
Jua la Wiyoni silitaki, na kelele za mashabiki
nilizimaliza zamani, marehemu mume wangu alipokuwa golikipa.
Mechi yangu naisoma Jumatatu asubuhi,
ndani ya beseni,
mche wa sabuni mkononi.

Nambari tano ni beki: makalio ya bukta yameliwa na changarawe.
Nambari nane kapigwa kiwiko, damu iko kwenye kola.
Nambari tisa ni Aboud, yule anayetajwa hadi Langoni;
yake imevutwa mpaka mshono wa bega umeachia,
mabeki wawili kila wiki, kila mmoja na upande wake.

Na kumi na nne
inakuja imekunjwa
kwa mikunjo ile ile niliyoikunja Ijumaa,
mstari wa pasi bado umesimama,
udi wa kabati langu bado unanukia.
Ningeirudisha ilivyo, nani angejua?
Lakini ukiitia puani sana, kwapani pana jasho,
dogo,
la mtu anayekimbia akiwa ameketi.

Siku moja aliponiletea gunia nikamuuliza:
"Lali, yeo pia hukuteza?"
Akacheka, akatazama viatu vyake.
"Aboud yu mzima, Bibi. Akiwa mzima, timu nzima."
Nikadhani ni adabu tu. Kwao wana adabu.

Kisha kocha akaona vizibao vya mazoezi vinanuka,
vile vya njano visivyo na nambari,
akaniletea navyo.
Ndipo nikajua miaka yote nilikuwa nasoma nusu ya kitabu.
Kimoja kilikuwa kizito kama mkeka ulionyeshewa.
Mchanga mishononi, nyuzi zimekatika,
alama ya njumu mgongoni,
vishimo sita, nimevihesabu.
Cha nani hiki?
Wakashangaa hata nauliza.

Jumanne, Lali ndiye Kizingitini.
Jumatano, ndiye Matondoni.
Mshambuliaji yeyote tunayemwendea, Lali ameshakuwa yeye,
kakimbia kama yeye, kaanguka kama yeye,
na mabeki wetu wamejifunzia mwilini mwake.
Alhamisi anakimbia mbio za Aboud
ili goti la Aboud lilale.
Daktari alisema goti lile lina msimu mmoja.
Limecheza mitatu.
Hiyo miwili imetoka katika miguu ya mtu,
wala hakuna aliyeandika deni.

Fainali ya mwezi uliopita naisimulia nilivyoifua.
Wanasema tulikuwa mbele kwa bao moja, la Aboud.
Wanasema punda aliingia uwanjani, mchezo ukasimama,
na ulipoanza tena Aboud hakuinuka.
Zilibaki dakika kumi na moja.
Wanasema Lali hakufunga bao, hakupiga chenga ya kusimuliwa,
aliupeleka mpira kwenye kibendera cha kona
akawapa mgongo watu watatu,
akakaa nao pale
kama mwenye duka afungaye milango polepole
na wateja wanagombana nje.
Walimpiga vifundo, walimvuta, aliinuka.
Mpira ukatoka, ukarudi, akaurudisha palepale.
Filimbi.
Wakambeba Aboud mabegani, na ni haki yake.

Jumatatu nikafungua gunia
nikaitafuta iliyokunjwa. Haikuwepo.
Kumi na nne ilikuwa bonge moja chini kabisa,
mgongo mweusi, pindo limechanika,
na kiwiko cha kushoto cheupe kwa chokaa ya kona.
Nikaiweka pembeni. Nikafua zote kumi na tano,
nikamwaga maji, nikateka mengine,
yake peke yake.

Mgongo niliusugua.
Pindo nililishona, uzi wa kijani, sikuwa na mweupe.
Chokaa ya kiwikoni nikaiacha.
Ijumaa akaikunjua, akaiona,
akaniangalia.
Nikamwambia sabuni iliniishia.